Chapa tatu, ukumbi mmoja: kisa cha duka la boti za kasi za bei nafuu, 2006–2014

Kisa hiki kinahusu duka moja la boti lililo kando ya ziwa la maji baridi katika majimbo ya kati ya Marekani, ambako nilitunza hesabu na stoo ya vipuri kuanzia mwaka 2006 hadi 2014. Jina la duka, la ziwa, la mkopeshaji na la viwanda vitatu vilivyotuletea boti nimeyaondoa. Viwanda nimeviita A, B na C, na hesabu za duka nimezikadiria kwa mafungu ya karibu ili lisitambulike. Kampuni zinazotajwa kwa majina humu zimetajwa kwa mambo yaliyo wazi kwa umma tu, na hakuna hata moja kati yake iliyo A, B wala C.

Nimeamua kukiandika kwa sababu kila ninapokisikia, husimuliwa kama habari ya nani alimshinda nani kati ya chapa tatu. Mimi niliyekuwa nikifunga vitabu vya hesabu kila mwisho wa mwezi sikuona hivyo. Chapa hizo zilipambana kwa miaka kwa ajili ya tofauti ya dola elfu chache, na iliyozinyang'anya wateja zote tatu ilikuwa boti kuukuu ya daraja la juu, ambayo haikuwa na kiwanda nyuma yake, haikuwa na tangazo, wala haikuwamo katika taarifa yoyote ya ushindani tuliyowahi kuletewa.

## Usuli

Boti za kasi za starehe zina ukoo unaojulikana. Tumbo la boti lenye umbo la V yenye kina, linalopasua mawimbi badala ya kuyapiga, ni kazi ya msanifu Raymond Hunt, na sifa yake ilienea baada ya boti ya aina hiyo, Moppie, kushinda mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1960. Don Aronow alilichukua wazo hilo na kuanzisha Miami, kimoja baada ya kingine, viwanda vya Formula, Donzi, Magnum na Cigarette. Hizo zilikuwa boti za wenye nacho. Nyingi kati ya chapa za bei nafuu zilikulia mbali na bahari, katika majimbo ya maziwa na mito. Mji mdogo wa Bucyrus, Ohio, wenye wakazi wapatao 12,000 na usio na pwani yoyote, ulikuwa na viwanda viwili vya aina hii, Baja na Checkmate. Mteja wa boti hizi alikuwa fundi umeme, mwenye karakana au mkandarasi wa nyumba: mtu aliyeitamani boti ya Miami kwa kipato cha Ohio.

Mambo mawili yalizifanya chapa za bei nafuu zifanane kuliko zilivyopenda kukiri. La kwanza ni injini. Nyingi kati yake zilinunua injini kutoka kwa Mercury, kampuni ya injini za boti iliyo chini ya shirika la Brunswick tangu mwaka 1961, na kwa boti ya futi 24 hadi 30 chaguo lililopendwa lilikuwa injini ya ndani ya inchi za ujazo 496 yenye nguvu farasi 425, inayozungusha mguu, yaani chombo chenye rafadha kilichofungwa nyuma ya tezi (ukuta wa nyuma wa boti). Brunswick yenyewe ilinunua Baja mwaka 1995, kwa hiyo muuza injini akawa pia mshindani wa wateja wake. La pili ni ganda, yaani mwili wa boti. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Bonito Boats dhidi ya Thunder Craft, ilibatilisha sheria ya Florida iliyokataza mtu kuchukua ganda la mwenzake na kulitolea kalibu. Ulinzi wa kitaifa wa miundo ya maganda ulikuja mwaka 1998, nao ni wa miaka 10 kwa muundo uliosajiliwa. Ganda likiwa linakaribia kufanana na injini ikiwa ileile, kilichobaki cha kushindania kilikuwa rangi, viti, redio, jina na bei.

Duka letu liliweka chapa tatu ukumbini kwa makusudi. C ilikuwa ya bei ya chini, takriban dola 48,000 kwa boti ya futi 24. A, iliyouza zaidi kuliko zote, ilikuwa kwenye dola 54,000. B, kiwanda cha familia, iliomba dola 63,000 na ilitengeneza boti chache kwa mwaka. Mwenye duka aliamini kwamba mteja akiingia na bajeti yoyote asitoke bila kupata cha kukalia na kujaribu usukani. Mwaka 2006 imani hiyo ilikuwa na mantiki. Mikopo ya boti ilikwenda hadi miaka 15 au 20, na wengi walikopa kwa dhamana ya thamani ya nyumba zao iliyokuwa ikipanda kila mwaka.

## Mkopo wa bidhaa zilizo ukumbini

Msomaji hatakielewa kisa hiki bila kuelewa kwamba boti zile hazikuwa zetu. Kiwanda kilipotoa boti, mkopeshaji alikilipa kiwanda siku chache baadaye, na duka likabaki na deni. Miezi ya mwanzo riba ililipwa na kiwanda kama kichocheo. Baada ya hapo ililipwa na duka. Na boti ikifikisha mwaka mmoja bila kuuzwa, deni lenyewe lilipaswa kupunguzwa kwa asilimia 10, na tena baada ya kila miezi mitatu. Boti ikiuzwa, deni lake lilipaswa kulipwa mara moja. Duka lililochelewesha fedha hizo hata wiki mbili lilihesabiwa kuwa limevunja amana, na mkopeshaji aliweza kufunga mstari wote wa mkopo, yaani kiasi chote ambacho duka liliruhusiwa kukopa.

Ndiyo sababu kila mwezi alikuja mkaguzi akiwa na karatasi na tochi. Alipiga magoti nyuma ya kila boti, akaangaza pembe ya juu ya upande wa kulia wa tezi, na kusoma namba ya ganda yenye herufi na tarakimu 12 ambayo sheria ya Marekani imeilazimisha tangu Novemba 1972. Alama ya tisa ni herufi ya mwezi wa kuundwa, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Inayofuata ni mwaka wa kuundwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Boti inayoishia H708 iliundwa Agosti 2007 na kuuzwa kama modeli ya 2008. Nilizoea kuzisoma namba hizo kama mfamasia anavyosoma tarehe ya kuisha muda wa dawa. Rangi inaweza kung'ara na viti vinaweza kuwa bado vimefunikwa nailoni, lakini namba ile haifichiki, na kila mteja mjanja alijua mahali pa kuitazama.

Mkataba ulikuwa na kifungu kingine ambacho wakati ule hakuna aliyekijali. Mkopeshaji akilinyang'anya duka boti zake, kiwanda kiliahidi kuzinunua tena. Ahadi hiyo ilimfanya mkopeshaji awe mkarimu wakati wa neema. Wakati wa dhiki ilimaanisha kwamba kuanguka kwa duka lililo maili mia tano kutoka kwetu kungerudisha boti mpya kiwandani, nacho kiwanda kingezitupa sokoni kwa bei yoyote.

## Mfuatano wa matukio

Agizo la msimu hutolewa majira ya kupukutika, miezi sita kabla ya mteja wa kwanza kuonekana. Msimu wa 2007 tuliagiza boti 20, tukauza 14. Msimu wa 2008 tuliagiza 16, na pamoja na zile sita zilizobaki tukawa na 22. Kufikia Septemba 2008 tulikuwa tumeuza saba tu.

Sababu ya kwanza ilikuwa petroli. Julai 2008 wastani wa bei nchini Marekani ulipita dola 4 kwa galoni, na kwenye vituo vya majini bei ilikuwa juu zaidi. Injini ya nguvu farasi 425 ikisukumwa hadi mwisho hula zaidi ya galoni 30 kwa saa. Wateja hawakuacha kuzipenda boti. Waliacha kuzitoa gatini. Boti iliyokaa gatini msimu mzima mwenye nayo huanza kuipigia hesabu, na hesabu hiyo ikianza, tangazo la kuuza halichelewi.

Kiangazi hichohicho tulipata nafuu kutoka mahali ambapo hatukupatarajia. Yuro moja ilikuwa ikinunua takriban dola 1.60, na wanunuzi wa Ulaya walianza kupiga simu kutafuta boti kuukuu za Kimarekani. Tulisafirisha nne. Kazi ilikuwa nzito, kwa sababu boti iliyoundwa kwa soko la Marekani ilihitaji kupimwa na kupewa cheti cha Ulaya kabla ya kuuzwa huko, na boti pana kuliko kontena ililazimika kusimamishwa ubavu ndani yake juu ya fremu ya mbao iliyopimwa kwa sentimita. Faida ilikuwa nzuri. Mwenye duka alikuwa tayari amezungumza na wakala wa meli kuhusu boti sita zaidi.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Mwishoni mwa Oktoba yuro ilikuwa karibu dola 1.25, simu za Ulaya zilikuwa zimekoma, na wiki hizohizo ndizo viwanda vilizotaka agizo la msimu wa 2009.

Majira ya baridi yaliyofuata ndiyo yaliyotufikisha maji shingoni. Mkopeshaji alipunguza mstari wetu wa mkopo na kudai malipo ya asilimia 10 kwa boti zote zilizovuka mwaka, bila kusubiri masika. Kiwanda C kilifunga milango mwezi Februari, na wateja walionunua boti zake walikuja na karatasi za waranti ambazo hazikuwa na wa kuzilipa. Haikuwa shida yetu peke yetu. Mwaka 2008 Brunswick ilikuwa imeiuza Baja kwa kampuni ya Fountain ya North Carolina na kiwanda cha Bucyrus kikafungwa. Juni 2009 Genmar, mojawapo ya makundi makubwa kabisa ya watengeneza boti nchini, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Agosti mwaka huohuo Fountain nayo ikafanya hivyo.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili 2009. Fundi wa viyoyozi aliyekwisha kuja mara tatu kuitazama boti ya A ya futi 24 aliingia na kurasa mbili zilizochapwa. Ya kwanza ilionyesha boti kama ile ile, mpya, haijawahi kugusa maji, ikiuzwa mnadani kwa dola 37,000 baada ya duka jingine kunyang'anywa. Sisi tulikuwa tunadaiwa 46,000 kwa ya kwetu. Ya pili ilionyesha boti ya futi 28 ya chapa ya juu, modeli ya 2001, injini mbili zilizotumika kwa saa 180, kwa dola 45,000. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo isingeuzwa chini ya 70,000. Alizilaza kurasa hizo juu ya kaunta kwa upole, bila kejeli, akauliza kama kuna jambo asiloliona linaloweza kumfanya achague ya kwetu. Binti wa mwenye duka, aliyekuwa msimamizi wa mauzo, alizisoma zote mbili na kumjibu kwamba hakuna.

Miezi miwili baadaye fundi yule alirudi. Alikuwa ameinunua ile ya futi 28 kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa ameshindwa kulipia mkopo wa nyumba, akaishusha majini, na ndani ya wiki maji yakaanza kuingia. Mpira wa mikunjo unaoziba mahali mguu unapoingia katika ganda ulikuwa umepasuka, na beringi ya nyuma yake ilikuwa imeoza kwa kutu. Matengenezo yalimgharimu dola 6,000. Alizilipa bila ubishi, akasema bado amepata boti asiyowahi kuota kuimiliki.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa agizo la Septemba 2008. Kiwanda A kilitoa punguzo kubwa kwa maduka yatakayodumisha idadi ya mwaka uliopita, na kikadokeza kwamba atakayeshuka chini ya boti nne anaweza kupoteza eneo lake, yaani haki ya kuwa peke yake katika kuuza chapa hiyo sehemu ile. Mwenye duka aliagiza nne za A, moja ya B, na hakuagiza hata moja ya C, kwa sababu fedha zao za vipuri zilikuwa zikichelewa, na kiwanda kinachochelewa kulipia vipuri kina jambo. Kuhusu A, sababu zake zilikuwa mbili: alikuwa ameuza chapa hiyo kwa miaka 19, na alihofia kwamba eneo likichukuliwa na mshindani wake wa upande wa pili wa ziwa halitarudi. Niliandika hesabu iliyoonyesha kwamba tungebaki na boti 20 sokoni humo humo. Aliisoma, akanishukuru, akatia sahihi agizo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Januari 2009, wa kupunguza wafanyakazi kutoka 14 hadi sita. Karakana ilipoteza watu watatu, akiwamo fundi mkuu, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wote na majira ya baridi hayana kazi.

Uamuzi wa tatu ulitokana na kurasa mbili za Aprili. Binti alimshawishi baba yake afanye mambo mawili kwa pamoja: auze boti zote mpya zilizovuka mwaka kwa bei ya mnada na kula hasara mara moja, na aanze kupokea boti kuukuu za chapa za juu kwa kamisheni bila kuzinunua. Mwenye boti angeiacha kwetu, tungeikagua, tungeitengeneza kwa gharama yake, na tungechukua asilimia 10 ikiuzwa. Hoja yake ilikuwa kwamba boti ya kamisheni haina mkaguzi mwenye tochi. Baba aliumia, kwani kwa mtu wa kizazi chake kuuza vitu vikuukuu kulikuwa ni kuteremka daraja. Alikubali baada ya kuona jedwali la riba ya miezi sita.

Uamuzi wa nne, wa mwaka 2012, ulikuwa wa kuagiza boti mbili za B za aina mpya: usukani katikati, injini mbili za nje nyuma ya tezi. Wakati huohuo mwenye duka alikataa kwa mara ya pili boti bapa za alumini zinazoelea juu ya mapipa marefu. Wasomaji wa Dar es Salaam wanalijua neno pantoni kwa kivuko cha Kigamboni. Huko Marekani jina hilo hilo ni la boti ya familia yenye makochi na kivuli, na zilizofungwa mapipa matatu na injini kubwa zilikuwa zimeanza kupita kasi ambayo zamani ilikuwa ya boti zetu peke yake.

## Matokeo

Boti 20 zilikwisha kufikia vuli ya 2010, kwa hasara iliyomeza akiba ya familia na sehemu ya kiwanja. Mkopeshaji alilipwa yote. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza, karakana na kamisheni zililiingizia duka fedha nyingi kuliko mauzo ya boti mpya, na hadi naondoka mwaka 2014 hali ilikuwa hivyo. Duka liliachana na A mwaka 2010, kiwanda hicho kilipobadilisha wamiliki. Eneo lilichukuliwa na yule wa upande wa pili wa ziwa, naye akalirudisha miaka miwili baadaye. B ilidumu. Boti za alumini zilikuja dukani mwaka 2013, zikauzwa zote kabla ya Julai.

## Uchambuzi

Nianze na kiini, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Wauzaji wa A, B na C walikuwa na majedwali ya kulinganisha mwendo, uzito na bei za wenzao, na hayakuwa ya uongo. Kosa lilikuwa katika swali. Mnunuzi wa boti ya kasi ya bei nafuu hakutamani bei nafuu. Alitamani kasi, na unafuu ndio uliomfikisha. Maadamu boti ya daraja la juu ilikuwa inauzwa dola 70,000 ikiwa kuukuu, alishindwa kuifikia na akachagua mojawapo ya zetu. Iliposhuka hadi 45,000, ile tofauti ya dola 6,000 kati ya A na C haikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Bei ya boti kuukuu ya daraja la juu ndiyo iliyokuwa dari ya nyumba yetu, nasi tulikuwa tukigombania viti bila kutazama juu.

Dari hiyo ilishushwa pia na viwanda vyenyewe. Kila A ilipotoa punguzo la kuongeza idadi, ilikuwa inaongeza boti ambazo baada ya miezi kumi na nane zingerudi sokoni kupitia mnada na kuishusha bei ya A iliyobaki. Mteja aliyenunua boti ya A mwaka 2006 alijikuta mwaka 2009 akidaiwa zaidi ya thamani yake, kwa hiyo hakuweza kuileta na kuongeza fedha kupata mpya, na duka likapoteza mnunuzi wake bora, yule aliyekwisha kununua. B iliepuka mtego huu kwa njia isiyo na ujanja wowote. Iliunda boti baada ya kupokea malipo ya awali, haikuwa na boti za kurudishiwa, na mnadani jina lake halikuonekana. Boti zake kuukuu zilishuka bei kama zote, lakini hazikuporomoka, na mwenye nayo aliweza kuja dukani na kuzungumza. Kabla ya 2008 niliiona bei ya B kuwa kiburi. Nilikosea.

Kanuni za serikali zilipanua pengo hilo. Kuanzia modeli ya 2010 injini za petroli za ndani zilipaswa kuwa na kifaa cha kusafisha moshi, lakini injini za zaidi ya nguvu farasi 500 ziliwekewa masharti yao yasiyolazimisha kifaa hicho. Mzigo ukaangukia daraja letu hasa. Mwishoni mwa 2009 General Motors nayo iliacha kuunda injini ya lita 8.1 ambayo Mercury iliitumia kuundia ile ya inchi 496. Boti mpya ya bei nafuu ikapanda bei katika mwaka ambao boti kuukuu yenye nguvu zaidi ilikuwa imeshuka kuliko wakati wowote.

Hatua ya kupokea boti kwa kamisheni ilifaulu kwa sababu ya ukaguzi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana wengine waliiga kamisheni bila ukaguzi wakashindwa. Mnunuzi wa boti kuukuu anaogopa asichokiona. Fundi alianza kwa kugonga ganda kwa nyundo ya plastiki, hatua ya kiganja kimoja kimoja, kuanzia omo hadi tezi. Faibaglasi nzima hutoa sauti kavu na ya juu. Penye tabaka zilizoachana au ubao ulionyonya maji sauti huzama, kama mlango wa chumba kilichojaa nguo. Kila alipoisikia sauti hiyo alichora duara kwa kalamu ya nta, kisha akaweka kipima unyevu. Baadaye alipima mgandamizo wa kila silinda, akazungusha mguu kushoto na kulia akisikiliza beringi, akavuta mikunjo ya mpira kwa vidole kutafuta nyufa. Karatasi ya ukaguzi ilibandikwa kwenye kioo cha boti pamoja na kasoro zote, hata zile tulizoamua kutozitengeneza. Mwenye duka alihofia kwamba kasoro zilizoandikwa zitafukuza wateja. Zilifanya kinyume: mteja aliyesoma kwamba beringi itahitaji kubadilishwa baada ya msimu mmoja aliiamini pia mistari isiyo na kasoro, na msimu ulipokwisha aliileta boti kwetu kubadilishiwa.

Hapo ndipo kosa la Januari 2009 linapouma. Mtu aliyejua kusikiliza ganda alikuwa yule fundi mkuu tuliyemwachisha kazi. Alikwenda nyumbani, akafungua karakana katika gereji yake, na wateja wasiopungua thelathini wakamfuata. Kamisheni zilipoanza ilibidi tumkodi kwa saa, kwa malipo yaliyokuwa karibu mara mbili ya mshahara wake wa zamani, na alikuja siku alizotaka yeye. Nilikuwa mmoja wa waliotayarisha orodha ya kupunguza watu; niliipanga kwa ukubwa wa mshahara kwa sababu hiyo ndiyo safu niliyokuwa nayo kwenye jedwali. Safu ya nani analeta wateja haikuwapo. Ningeweza kuitengeneza kutoka kwenye stakabadhi za karakana kwa jioni mbili, kwani kila stakabadhi ilikuwa na sahihi ya fundi na jina la mteja.

Agizo la Septemba 2008 nalo lilikuwa kosa, ingawa naliona kwa huruma zaidi. Hofu ya kupoteza eneo ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni kuuliza eneo hilo lina thamani gani boti za mnada zikivuka mipaka yake bila ruhusa ya mtu. Mshindani wetu aliyelichukua na kulirudisha alilipia jibu.

Kuhusu injini za nje, mwenye duka aliliona jambo mapema kuliko wengi wa ziwa letu. Mercury ilikuwa imetoa injini ya nje iitwayo Verado mwaka 2004 na Yamaha injini ya nje ya nguvu farasi 350 mwaka 2007, lakini wapenzi wa boti za kasi waliendelea kuziona kuwa za wavuvi. Baada ya miaka mitatu ya kuona mipira ya mikunjo iliyopasuka, yeye alielewa kivutio chake kikubwa: hakuna tundu katika tezi, na injini ikifa inafunguliwa na kuning'inizwa nyingine bila kugusa ganda. Ni karakana iliyomfundisha, si kiwanda. Boti mbili za B ziliuzwa kwa watu waliokuwa wamekwisha kulipia matengenezo ya mguu angalau mara mbili.

Boti za alumini alizikataa kwa sababu hazikuwa, machoni pake, boti za kasi. Karatasi zetu za karakana zilikuwa zikisema jambo jingine. Katika fomu za kupokea boti kulikuwa na mstari wa idadi ya watu wanaopanda kwa kawaida. Mwaka 2006 wateja wengi waliandika wawili. Mwaka 2012 nilipozipitia fomu hizo kutafuta anwani za kutuma salamu za mwaka mpya, wateja wale wale wa zamani, sasa wakiwa na watoto, walikuwa wameandika watano, sita, saba, katika boti yenye viti vinne. Nilimpelekea rundo la fomu ofisini. Agizo la kwanza la boti za alumini lina tarehe ya wiki iliyofuata.